Kolibri wa Ua wa Jirani

Kifundo cha mguu nilikivunja nikishuka kwenye tramu huku nikisoma makala yangu mwenyewe. Tangu hapo nikawa mfungwa wa ghorofa ya tatu, mtaa wa Saint-Gilles huku ughaibuni, katika nyumba ya zamani isiyo na lifti: plasta mguuni, kiti dirishani, ua mdogo chini. Ua huo ulikuwa wa jirani yangu wa chini, mama wa Uvira anayetunza wazee kule Auderghem. Ndiye aliyenipandishia chakula kila jioni. Mimi ni Mtanzania. Kwake nilikuwa "papa professeur", ingawa hakuna mwingine aliyewahi kunipa uprofesa.

Uani alipanda lengalenga, mchicha wa kwao, na maua mekundu, na kwenye kamba ya nguo alitundika chupa ya maji ya sukari. Mwenye nyumba alilalamika kwamba chupa inaita nyigu. Angekuja Jumamosi, na asipoona sababu ya kuuacha, angemwaga saruji ua mzima.

Sababu ikaja yenyewe, ikiruka.

"Papa professeur, angalia! Kolibri!"

Kiumbe kidogo cha kahawia kilikuwa kimesimama hewani mbele ya chupa, mabawa hayaonekani kwa kasi, mdomo mrefu ndani ya tundu la kizibo. Kwao, kama kwetu, yuko ndege mdogo anayefyonza maua. Sisi humwita chozi. Yeye humwita kolibri, alivyofundishwa na masista.

"Ni ndege ya kwetu, amepotea," alisema. "Huku wanalinda ndege za namna hii, donc hawawezi kugusa jardin yangu. Wewe umesoma, utamuambia mwenye nyumba."

Siku tatu nilikivizia kwa simu. Kazi nyingine sikuwa nayo. Hatimaye picha moja ikatulia, nikaikuza. Vipapasio viwili kichwani. Miguu sita. Na ule mdomo ulikuwa mrija unaojikunja kama springi ya saa. Nondo, basi, wa aina inayoruka mchana, na wala si adimu: huja kutoka kusini kila kiangazi.

Sikumwambia mama. Alipandisha sombe, kisamvu cha kwao, nikala, nikasifu chumvi.

Jumamosi nikasikia uani, "Monsieur, muulize professeur, iko pale juu!" Nyuso mbili zikainuka. Nilitamani kujifanya sipo, lakini mtu aliyevunjika mguu kila mmoja anajua alipo.

"Ni ndege kweli?" aliuliza mwenye nyumba.

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kukohoa. Badala yake nikajisikia nikieleza, kwa Kifaransa safi cha semina, jamii ya mdudu yule na urefu wa mrija wake. Mwenye nyumba alinishukuru kwa adabu. Mama hakunitazama tena. Aliishusha chupa, akaimwaga.

Jioni hiyo hakuna aliyepanda. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, nikaanza kushuka kwa makalio, plasta ikitangulia. Mama alifungua mlango wake kabla sijabisha.

"Mududu," alisema.

"Nisamehe, maman. Nitamwandikia mwenye nyumba barua, nimweleze kuhusu maua, na kivuli, na..."

"Utaandika. Sasa hivi, kwa meza yangu, na mimi nikiangalia." Kisha akanitazama nilivyokaa sakafuni mwake. "Alors, papa professeur, kupanda utapanda aje?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.