Uzi Mwekundu Nyuma ya Dhahabu

"Mama, usiguse gauni," mlinzi aliniambia. Hapo njo uvumilivu uliniisha. Nisiguse? Miezi saba nimelidarizi gauni hilo nyumbani kwangu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mtoto mgongoni.

Tulikuwa kwenye maonyesho, City Centre, Lilongwe. Mwenye maonyesho ni madamu mmoja wa mtaa wa Area 49 anayeshona upya mavazi ya wafalme wa zamani kwa kufuata picha. Alikuwa anawaambia wageni kwamba dhahabu ya gauni la malkia ilidariziwa ng'ambo, kwa mashine. Aliniona nimesimama nyuma yao. Akaendelea tu.

Mashine! Uzi ule wa dhahabu ukiupitisha kwenye kitambaa unachanika. Unaulaza juu, nyuzi mbili mbili, halafu unaufunga kwa uzi mwembamba, hatua kwa hatua. Mama alinifundisha kule kwetu Uvira, yeye alidarizi mavazi ya mapadri. Uzi mwembamba uliponiishia, upindo wa chini ulikuwa bado. Nikamwomba madamu uzi mwingine, akasema nijipange. Nikafumua mkono wa sweta nyekundu ya mtoto, nikagawa uzi wake mpaka ukawa kama unywele, nikamaliza. Nilipompelekea gauni, madamu mwenyewe alishangaa: "Huku chini dhahabu inawaka, sijui kwa nini." Ni ule wekundu wa chini uliokuwa unaiwasha.

Sasa nikashika upindo, nikaugeuza mbele ya wageni. Nyekundu tupu. Nikawageuzia na mgongo wangu: mtoto, sweta nyekundu, mkono mmoja.

"Muangalie wenyewe. Mashine iko hapa, inanyonya kidole."

Mmoja alicheka. Wengine wakasogea kwenye meza ya juisi.

Madamu alinivuta pembeni. "Dada, unataka kuniharibia? Nikisema ni kazi ya mkimbizi, wataniuliza kibali chako cha kazi."

"Na barua yangu?"

Aliponipa kazi alikuwa ameniahidi barua ya kuthibitisha kwamba kazi ni yangu. Chuo cha ushonaji kilitaka hiyo tu ili kinipokee. Nina sekondari, basi. Cheti cha ushonaji sina.

"Barua ya nini tena? Si umeshajitangaza? Huo upindo nitaufumulisha."

Kesho yake nilienda ofisi ya malalamiko kambini. Karani alisoma malalamiko yangu, akakuna shingo. "Dada, we unajua hii haifiki popote?"

"Najua. Gonga muhuri."

Nilikuwa nimeandika hivi:

"Mimi, mkimbizi wa Dzaleka, mama wa mtoto mmoja, ninalalamika kwamba kazi ya mikono yangu imeitwa ya mashine na madamu mwenye maonyesho ya City Centre, na barua niliyoahidiwa nimenyimwa. Sidai pesa. Ninadai barua hiyo kabla ya Ijumaa, siku chuo kinapofunga orodha. Ushahidi uko ndani ya upindo wa gauni: uzi mwekundu. Nimebandika hapa chini kipande kilichobaki, mlinganishe, kama hajaufumua."