Lugari Ilibaki Nyeupe

Shule niliiacha darasa la tatu. Baba alikuwa na fahali wa kupigana pale Malinya, na fahali alitaka mtu wa kumkatia majani. Fahali alishinda mara nyingi, mimi sikushinda kitu. Lakini si hayo nilitaka kuandika. Nataka kuandika habari ya ndugu yangu wa Lugari, na vile kompyuta ya mjukuu wangu ilinishika mkono ikanionyesha kosa langu.

Mjukuu huyo ni msichana, anasomea kompyuta chuoni mjini. Ananiitanga kuka, ndiyo babu. Likizo iliyopita alikuja na kazi aliyopewa na mwalimu wake. Kuna programu moja ambayo inafanya kompyuta moja ijifanye kompyuta nyingi zinazokaa mbali na kutumiana ujumbe. Yeye aliambiwa aandike mifano midogo midogo, ili mgeni akiisoma ajue vile programu hiyo inatumika.

“Kuka, keti hapa,” akaniambia barazani, mvua ya mchana ikinyesha. “Wewe ukielewa, kila mtu ataelewa.”

“Unanitukana ama unanisifu?”

“Yote mawili.”

Kwenye kioo kulikuwa na maduara meupe manne, kila moja na nambari yake. Nikamwambia nambari hazinishiki, ayape majina ya mahali. Akacheka, akaandika: la kwanza ni kwetu, la pili Malinya, la tatu Iguhu, la mwisho Lugari. Ujumbe ukitoka kwetu unapitia kila duara, na duara likiupata linageuka kijani.

Akabonyeza. Kwetu kijani, Malinya kijani. Hapo akaiua Iguhu makusudi, kwa maana mashine hufa, na mfano lazima uonyeshe hata hiyo. Lugari ikabaki nyeupe. Na chini kompyuta ikaandika: Kazi imekamilika.

Nikageuza uso nikatazama mvua. Mtoto hakujua kwa nini, wala hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mama alipofariki, simu zilikuwa chache. Mimi ndimi mkubwa, kutuma habari ilikuwa juu yangu. Kwetu habari ya kifo haiachwi mlangoni. Anayeipeleka anaingia, anakaa, na nyumba ile inatoa mtu wake arudi naye, aliyetuma amwone kwa macho. Siku ile nilituma Malinya kwa mjomba, mjomba atume Iguhu kwa binamu, binamu atume Lugari kwa ndugu yangu. Mjomba akaja akasema habari imepita. Watu walikuwa wamejaa, turubai linavuja, wazee wanauliza ng'ombe wa kuchinja yuko wapi. Sikumngoja mtu wa Lugari. Kumbe binamu alikuwa amelazwa na malaria, nyumba imefungwa, ujumbe ukaachwa kwa jirani.

Ndugu yangu alikuja siku ya nne baada ya mazishi, akija tu kusalimia. Alikuwa na mahindi mabichi kwenye gunia, maana mama aliyapenda ya kuchoma. Akakuta udongo. Aliweka gunia chini akasema, “Mlinificha mama,” akaondoka. Hakukanyaga tena hapa. Na mimi, kila nikiulizwa, nilikuwa na jibu moja: mimi nilituma, lawama ni ya Iguhu.

Basi nikamwambia mjukuu, “Hapo kosa ni la Iguhu. Imekufa.”

“Hapana, kuka. Kufa ni kawaida, kila mashine itakufa. Kosa ni la huyu wa kwanza. Amesema amemaliza na Lugari haijajibu. Alipaswa kungoja jibu, asipolipata atume kwa njia nyingine.” Akakuna kichwa. “Yaani kosa ni langu. Wacha nirekebishe.”

Akarekebisha mfano wake.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Lugari. Ndugu yangu alikuwa uani akipukuchua mahindi, mvi zimemjaa kunishinda. Hakuinuka.

“Leo umekuja mwenyewe,” akasema. “Nani amekufa?”

“Hakuna. Nimekuja kwa ajili ya mama.”

“Huyo habari yake niliipata. Niliisoma kwenye udongo.”

“Nilituma habari nikaacha kungoja mtu wako. Mwenye kosa si binamu. Ni mimi.”

Mikono yake ikasimama. “Miaka yote unasema ulituma.”

“Nilituma.”

“Halafu ukaketi.”

“Nikaketi.”

Akachukua hindi jingine, akaanza kulipukuchua. “Jumamosi nitakuja. Kwa mama, si kwako.”

Nikamwambia sawa.

Alikuja kweli. Nilimwona anaingia, nikaenda kukaa jikoni, nikamwachia kaburi.