Kikohozi cha Mwaka wa Ndege Iliyopotea

Harufu ya naftalini hunirudisha moja kwa moja Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Baba alikuwa fundi cherehani, na msimu ule nyumba yetu ya udongo ilijaa makoti mazito ya kaunjika, mitumba ya Lilongwe, aliyoyapunguza yatutoshe, maana jina la familia yetu lilikuwa limebandikwa ubaoni: tunahamishiwa nchi ya baridi. Mama, mkulima wa Fizi kule Kongo asiyejua kukaa bure, alikuwa ameshagawa sufuria, majembe na kuku, kama ifanyavyo kila familia inayoondoka. Nilikuwa na miaka tisa, na nililijaribu koti langu juani mara tano kwa siku, jasho likinitiririka.

Ndipo redio ikasema ndege ya abiria imepotea. Haikusema imeanguka, imepotea tu, na watu wake wote, huko Asia. Hakuna aliyejua lolote, kwa hiyo kila mtu alijua. Kwenye pampu ya maji, akina mama walisema imetekwa na kufichwa kisiwani. Kinyozi wetu, aliyesoma Bukavu na hakutaka tusahau, alisema rubani alizima mitambo kwa makusudi. Katika chumba cha maombi, mtumishi mmoja aliona maono: ndege nyeupe inazama majini, na waliomo wamevaa makoti. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, wakasema waumini. Mimi nilishika neno moja tu, makoti. Tangu siku hiyo niliogopa kupanda ndege, nikalisukuma koti langu chini ya kitanda nisilione. Baba alinicheka, akasema barabara ya Dowa imeua wengi kuliko mbingu na bado tunapanda minibasi. Dada yangu Furaha, aliyekuwa na faili lake mwenyewe la kuhamishwa kwa kuwa alishakuwa mtu mzima, alinikumbatia tu.

Kabla ya safari tulipelekwa Lilongwe kupimwa afya mara ya mwisho. Kila mtoto wa kambini alijua jambo moja: kikohozi kinazuia familia nzima kusafiri. Tuliwahi kuona jirani zetu wakirudi na mabegi yao kwa sababu ya kifua cha babu yao, na wazazi walituonya tusikohoe hata kwa vumbi. Nesi aliuliza kwa Kiingereza, mkalimani wetu akatafsiri.

"Anauliza, unakohoaka?"

"Ndiyo," nikasema. "Na damu inatokaka."

Mkalimani alimtazama Mama. Mkono wa Mama ulikuwa begani kwangu, ukabaki pale pale.

Mchuma janga hula na wa kwao. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wowote, lakini vilichukua miezi, na vyeti vyetu vingine vikaisha muda. Tukarudia mahojiano, kisha mambo ya nchi ile yakabadilika na mlango ukafungwa. Furaha aliondoka peke yake. Ndege yake ilifika salama, naye akatutumia picha amesimama kwenye theluji. Mama alipita kwa majirani kuomba tena sufuria zake. Wengine walirudisha, mmoja akajifanya hayupo nyumbani. Baba aliendelea kushona na kupita ubaoni kila wiki, mpaka alipofariki mvua za mwaka juzi.

Leo nashona Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, na nina binti wa miaka miwili anayezipungia mkono ndege zikipita. Ile iliyopotea haijapatikana, na watu bado wana majibu. Mwezi uliopita Mama alinitembelea, na tulipokuwa tukimenya viazi nikamwambia kwamba sikuwahi kukohoa, kwamba ni mimi niliyetubakiza hapa. Yeye hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema. "Tulikuwa tunalala chumba moja. Sikukusikia ukikohoa hata siku moja. Lakini ile ndege ilinitisha na mi. Ulipodanganya, nilishukuru Mungu."

Tukamaliza viazi. Hatukumtaja Baba, ambaye hakuviamini vipimo vile, na ambaye mpaka naolewa aliniletea asali ya kifua kila mwezi, nami nikainywa mbele yake.