Paja la Kushoto

Ta!

Khadidja aliisikia sauti hiyo kabla ya maumivu, kavu na fupi, kama kijiti cha muhogo kinachovunjwa ndani ya mfuko. Waliokuwa kando ya uwanja wa Mutakura hawakusikia kitu. Waliona tu msichana wa nambari sita akiruka juu kuufuata mpira kwa kichwa, akitua kwa mguu mmoja, goti likiinama kwa ndani, kisha akikaa chini polepole. Hakulia. Alimkazia macho mwamuzi kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyelikata.

Wanaomjua hawakushangaa. Khadidja hushona vitambaa vya viti vya magari katika karakana ya baba yake mdogo, Idi, kule Buyenzi, mahali ambapo nyundo zinapiga mabati tangu kunapokucha. Mteja anayekuja kudai kiti chake kabla ya siku waliyopatana huingia na kelele, na hutoka akiomba radhi. Mama yake, Zubeda, husema mtoto huyu alizaliwa amekunja ngumi na mkunga akashindwa kuzikunjua.

Hospitalini walimpasua goti. Walichukua kipande cha kano nyuma ya paja lake mwenyewe, wakakipitisha ndani ya goti, mahali pa kano lililokatika. Kazi ilikuwa nzuri, kovu dogo, uvimbe ukashuka. Lakini bandeji ilipofunguliwa alilikuta paja lake la kushoto limekonda kama paja la mtu mwingine, mgonjwa wa siku nyingi, aliyeletwa usiku na kuunganishwa kwenye mwili wake. Ukilibana kwa vidole, nyama inalegea kama mkate uliolowa chai. Mama alilikanda kwa maji ya moto na samli, akimwomba Mungu. Khadidja aligeukia ukutani asilione.

Wengine hawakuliona kabisa. Khadidja hucheza mpira amejifunika kichwa, na chini ya kaptula ya timu huvaa suruali nyeusi inayofika kwenye kifundo cha mguu. Ndani ya nguo ile, mapaja yake yote mawili yalikuwa siri yake na ya watu wawili tu: mama yake, na Léoncie.

Léoncie ni yule ambaye watu wa mjini wanamwita kine, mtaalamu wa kurudisha viungo kazini. Anafanya kazi katika chumba nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Mutanga Sud, na ana vitu vichache: kiti kizito, mikanda, mifuko ya mchanga, na kifaa kidogo kinachopima nguvu mtu anapokisukuma kwa mguu. Jumatano moja, mwezi wa saba tangu upasuaji, alimfunga Khadidja kwenye kiti na kumwambia asukume.

Mguu wa kulia ulisukuma. Wa kushoto ukasukuma, ukatetemeka, ukaishia kwenye theluthi mbili ya mwenzake.

"Inauma?" Léoncie aliuliza.

"Apana, madamu. Na haijavimba tangu Ramadhani."

"Ndiyo maana inadanganya watu. Sikiliza. Ukiruka ukatua, nani anabeba uzito wako? Ile kano mupya? Kano ni kamba tu. Anayebeba ni hii nyama ya mbele ya paja. Ikiwa zaifu, uzito wote unaanguka juu ya kamba."

"Na nikicheza fainali Jumamosi?"

"Pengine utacheza vizuri mpaka mwisho. Pengine utakata kano dakika ya kwanza. Sina namna ya kuona ni ipi. Lakini wanaorudi mbio na paja zaifu wanakata tena kuliko wale wanaongoja. Tena ingine inakatika kwenye goti nzima, sababu imefanya kazi ya mbili."

"Nimenyanyua mchanga wako mpaka naota mchanga!"

"Endelea kuota. Ngoja mapaja yawe karibu sawa. Mwezi wa tisa ama wa kumi tangu upasuaji, tutapima tena."

Khadidja alifungua mkanda mwenyewe na kuutupa chini. Kisha akauokota, akaukunja vizuri, akauweka juu ya kiti. Alishuka hadi Buyenzi kwa miguu, akiuchukia kila mguu kwa zamu yake.

Hasira kubwa zaidi ilitokana na Jumapili iliyopita. Jumapili asubuhi jiji hili linakimbia: wazee, wanafunzi, askari, akina mama, kila kundi na safu yake na wimbo wake, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, miguu ikianguka pamoja juu ya lami kama mguu mmoja mkubwa. Timu yao nayo hukimbia, wawili wawili, kutoka bondeni hadi vilimani. Na wana desturi yao. Anayerudi baada ya kuumia huwekwa mbele, na wimbo hulichukua jina lake. Akifika juu bila kutoka kwenye safu, amepona. Baada ya hapo hakuna anayemuuliza daktari.

Kine alikuwa amemruhusu Khadidja kukimbia taratibu, njia iliyonyooka. Hakwenda kutafuta wimbo. Alijipanga nyuma. Lakini kabla hawajafika kwenye mwinuko wa kwanza, mikono ilikuwa imemsukuma mbele.

*Khadidja amerudi!*
*Amerudi!*
*Golikipa lala!*
*Lala!*

Na wimbo ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomkera. Uliingia mgongoni kama jua la asubuhi, akapanda mlima wote akicheka, na hakuna aliyejua kwamba mguu wa kulia ulikuwa ukifanya kazi ya wizi, ukichukua mzigo wa mwenzake na kuuficha ndani ya mdundo. Katika safu iliyonyooka, mguu mzima unaweza kumsitiri mgonjwa. Uwanjani, pale unapogeuka ghafla au kutua peke yako, hakuna wa kukusitiri.

Mwaka uliotangulia wimbo huohuo ulikuwa na jina la Dative. Dative alikuwa beki wao, mrefu, mwenye kicheko. Alirudi na goti lililopasuliwa, akaimbiwa, akafika juu, akacheza. Mechi ya tatu goti likakatika tena. Sasa anauza parachichi sokoni Mutakura, na akishuka ngazi huzishuka kwa ubavu.

Alhamisi, siku ya mazoezi, Dative alikuja uwanjani kama kawaida yake, akakaa juu ya jiwe na beseni lake. Kocha Salvator aliwakusanya wachezaji. Salvator si mtu mbaya. Ni mtumishi wa ofisini, mpole, anayewafundisha wasichana hawa baada ya kazi bila kulipwa, na fainali ya Jumamosi dhidi ya timu ya Gasenyi ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Alianza kutaja majina.

"Nambari sita, Khadidja."

"Sichezi, kochi."

Wasichana walicheka, wakidhani ni mzaha.

"Unasema?"

"Nasema sichezi. Paja haijapata nguvu. Kine amepima."

"Mutoto wangu, Jumapili ulipanda kilima mbele ya watu wote! Ulituacha nyuma!"

"Nilikimbia moja kwa moja kama kondoo! Gasenyi watanipitia moja kwa moja?"

"Usiogope. Utafunga bandeji, nusu saa tu."

"Bandeji inafunga ngozi!" Sauti yake ilipanda, na watoto waliokuwa nyuma ya goli wakaacha mpira wao. "We kochi ni kiziwi? Paja yangu hujaiona, na Mungu akipenda hautaiona siku hata moja. Ndiyo maana unasema imepona!"

Hapo hata Salvator alishindwa kuzuia kicheko. Khadidja hakucheka. Kwa kisigino alichora mstari kwenye udongo.

"Angalieni."

Alisimama kwa mguu wa kulia, akaruka mbele, akatua kwa mguu uleule, imara. Christa, mchezaji wa akiba wa nafasi yake, alienda kuweka jiwe pale alipotua. Khadidja akarudi kwenye mstari, akasimama kwa mguu wa kushoto. Alikaa hivyo kwa muda, mikono imetanuka. Kisha akaruka.

Hakufika popote karibu na jiwe. Goti lilitikisika na kuinama kwa ndani, akautupa chini mguu mwingine haraka ili asianguke, na wasichana wakashika vinywa. Waliijua namna ile ya goti kuinama. Walikuwa wameiona mara mbili kwenye uwanja huu huu.

Salvator alisugua shingo. "Sasa mpira ni kuruka kwa muguu mumoja?"

"Kochi," alisema Christa, kwa adabu, "sasa mpira ni nini?"

Machozi yalimtoka Khadidja kwa hasira tupu, akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Mulimuimbia Dative," alisema. "Mukaniimbia mi. Hamukuuliza. Hata mara moja hamukuuliza. Goti ni yenu? Munajua kulala na goti inayowaka? Munajua kuingia chooni na magongo? Mukitaka kuimba, imbeni jina la mutu mwenye miguu miwili!"

Kocha aliitazama karatasi yake, kisha akamtazama Dative juu ya jiwe lake, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo. Dative hakuyakwepa macho yake. Kocha akakunja karatasi.

"Christa," alisema. "Utavaa sita."

Wakaenda upande wa pili wa uwanja kufanya mazoezi. Hawakuimba. Khadidja akaja kukaa kando ya Dative, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele yake, na Dative akampasulia parachichi bila kuuliza.

"Umemutukana vizuri."

"Sijamutukana mutu."

"Umemuita kochi kiziwi."

"Ni kiziwi."

Dative akacheka kicheko chake cha zamani, kikubwa, hata wawili watatu kule mbali wakageuka. Khadidja alikula kidogo. Kule, Christa alikuwa amepewa jezi nambari sita. Aliivaa juu ya fulana yake, ikamfika mapajani, akaichomeka, akaichomoa, akakimbia kwenda kupokea mpira wa juu. Aliruka. Akatua kwa mguu mmoja, mwepesi kama ndege, akaendelea na safari yake.

Khadidja aliweka parachichi chini. Hasira ilikuwa imemwishia usoni, na bila hasira uso wake ulionekana mdogo.

"Dative," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi mwenzake ainame ili aisikie. "Mi nataka kucheza."