Anayelala Kitandani kwa Bibi Si Bibi

Mhariri, nifichie jina. Nanyi wasomaji, nisomeni hadi mwisho kabla ya kuniita mwongo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, naishi na mama hapa Bulyaga. Bibi mzaa mama anaishi peke yake Kawetele, ukingoni mwa msitu, na tangu aanze kukohoa damu nimekuwa nikimpelekea maziwa ya mgando kila Jumapili tukitoka kanisani.

Miezi miwili iliyopita nilikutana njiani na mwanamume mgeni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mimi tope limenifika magotini, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Akaniuliza naenda kwa nani. Kwa ujinga wangu nikamweleza yote: nyumba ilipo, ugonjwa wa Bibi, hata kwamba mlango haufungwi. Akashukuru, akatangulia. Mimi nikapitia kwa rafiki yangu, tukapiga soga mpaka mchana. Hilo sitajisamehe.

Nilipofika, Bibi alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa kama kawaida yetu, "Ugonile." Akajibu, "Hujambo, mjukuu wangu? Karibu uketi," kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Bibi yangu hana Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Macho yake hayakupepesa. Nikamuuliza mbona hakohoi, akasema amepona. Maziwa hakuyagusa.

Nikajifanya nafuata kuni chumba cha nyuma. Huko nikamkuta Bibi mwenyewe, amelala ndani ya sanduku refu la kioo, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kifuniko. Nilipogeuka, yule mwingine alikuwa mlangoni. Hakukasirika. Alisema ndiye yule niliyekutana naye njiani, ametoka mbali kupita nyota tunazoziona, chombo chake kimeharibikia mlimani, na sanduku lile linamtibu Bibi kifua. Sura ya Bibi ameivaa ili majirani wasiulize.

"Ukitaka kufungua, fungua," akasema. "Sitakuzuia."

Nilifungua. Bibi akashtuka, akakohoa, damu ikamtoka mdomoni, midomo ikageuka rangi. Nikafunga haraka, akatulia. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Ningeridhika, lakini kila Jumapili Bibi anazidi kukonda ndani ya kioo, na yule wa kitandani anazidi kuwa yeye. Juzi alizungumza Kinyakyusa kitupu, akanisimulia siku niliyoungua mkono nikiwa mdogo, jambo ambalo mimi na Bibi tulimficha mama. Nikamuuliza nani kamwambia.

"Anaota," akasema. "Mimi nasikiliza."

Majirani wanampenda. Kwenye shamba la kijiji anafika kabla ya wote, na balozi wa nyumba kumi alimsifu mkutanoni. Mwishoni mwa mwezi ujao lori litawahamisha watu wa ukingoni kwenda kijiji kipya cha ujamaa, na nyumba za zamani zitabomolewa. Mama, kwa furaha ya kusikia mzazi wake kapona, ameomba wakae nyumba moja huko. Mgeni amekubali. Ameniambia sanduku atalificha msituni mpaka mvua ziishe, ila mahali hataki kunionyesha.

Nikisema, wanaume watalivunja kwa mashoka, na nimeona hewa inavyomfanya Bibi. Nikinyamaza, mama atapika, ataandaa na kumwita "mama" mtu ambaye hakumzaa. Na mvua zikiisha, sijui nani ataamka.

Ndugu zangu, ninyi mngelifungua sanduku lile, au mngemwacha mama apande lori na yule? Nielekezeni, akili yangu imefika mwisho.