Kwaya Mbili Juu ya Boti ya Adolphine

Zamani pale Swima, kijiji cha kando ya ziwa si mbali na Baraka, boti mpya haikuuzwa kabla ya kupakiwa kijiji. Fundi aliivuta hadi maji ya kiunoni, akafunga uzi mwekundu ubavuni mwa boti, akapiga filimbi, na watu wote wakapanda kwa pamoja: wavuvi, wanakwaya, akina mama na vikapu vyao vya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Maji yakivuka uzi, boti ilirudi mchangani kurekebishwa. Watu waliloa, wakacheka, wakaenda kula. Siku hizi boti zinajazwa abiria kama kuni, na ziwa lenyewe ndilo linalozipima.

Niliamini ujuzi ule ulizikwa pamoja na fundi wa mwisho. Kumbe alikuwa na binti.

Adolphine alirudi Baraka kutoka Uvira mwaka 2017, na kompyuta mgongoni na kicheko kinachomtangulia mlangoni. Mwaka 1998, akiwa na miaka minane, vita vilimtenga na mama yake. Siku kumi na moja alisoma orodha za majina zilizobandikwa ukutani mwa kanisa, mpaka mvua ikazifuta. Mama yake alipatikana, lakini ukuta ule haukumtoka kichwani. Basi akatengeneza programu ya simu: anayekimbia vita anaandikwa jina, picha na mahali alipo, na ndugu yake anamtafuta humo.

Hofu ilikuwa moja. Risasi zikilia milimani, watu wote watafungua simu dakika ileile. Je, programu itawabeba?

Mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi, mzee aitwaye Waziri, hakuwa na mchezo. "Ikianguka siku ile, mama atakosa jina la mutoto wake, atafikiri amekufa. Tuonyeshe inabeba bantu, ama turudilie karatasi."

Jumamosi asubuhi Adolphine alikusanya watu mia mbili ufukweni, kila mmoja na simu yake. "Nikipiga filimbi, wote mufinye 'Tafuta' mara moja!"

Akapiga. Kwenye kompyuta, mstari unaoonyesha mzigo ulilala chini, umetulia. Waziri akapiga makofi. Adolphine akarukaruka, halafu akatazama saa, akaacha kuruka.

"Dakika kumi! Bantu mia mbili, dakika kumi? Mulikuwa munafanya nini?"

"Papa Nicolas alikuwa hayafinya bado," alijibu Florentine, muuza ndagala. "Tungemutangulia mukubwa namna gani?"

Papa Nicolas ni mimi. Nilikuwa natafuta miwani. Na baada yangu walifinya kwa umri: mama Marie, kisha pasta, kisha wengine, kila mmoja akimpisha aliyemzidi. Ile heshima kwa wazee ambayo nimeililia miaka ishirini, siku ile ilikuja yote, bila kuitwa.

Adolphine alicheka mpaka akakaa mchangani. "Papa, banakupenda mubaya! Munaniharibia kazi."

Akafikiri, akafinya-finya kompyuta yake, akasimama tena na uso wa mchokozi. "Basi. Sasa kila muntu achague: kwaya gani inaimba muzuri, ya Bakatoliki ama ya Baprotestanti?"

Heshima ikafa palepale. Filimbi haikungojwa. Mama Marie alinipiga kiwiko. Pasta alifinya kwa vidole viwili. Hata Waislamu wa ufukweni walichagua, kwa kelele zaidi kuliko wenye kwaya. Mstari ulipanda kama moshi, ukakatika, na simu zote zikabaki nyeupe.

Waziri akasema polepole, "Imeanguka."

"Ndiyo, imeanguka," Adolphine alisema. "Lakini iko ufukweni, papa Waziri. Hakuna mwenye amezama."

Waziri alitazama ziwa. Mwaka 1996 alivuka na watoto wake sita ndani ya boti ya fundi yule, baba yake Adolphine, maji yakiwa kidole kimoja chini ya uzi. "Nakupa mupaka kesho," alisema.

Adolphine aligundua kosa kabla ya jua la saa sita. Kila jina, hata la kwaya, lilikuwa linaburuta picha nzima, nzito kama jiwe la nanga. Akazipunguza picha, akaagiza jina na mahali vije kwanza, picha ingoje kuombwa. Jumapili baada ya misa na ibada tulifinya tena. Mstari ulipanda, ukatetemeka, ukasimama bila kukatika. Wakatoliki walishinda kwa kura tatu. Waprotestanti wakadai jaribio lirudiwe. Lilirudiwa mara nne, tukicheka kama walevi, na boti ile isiyoonekana haikuingiza tone. Waziri aliikunja karatasi yake ya kuandikia majina, akaitia mfukoni.

Wiki ya pili, bunduki zililia juu ya Fizi. Barabara ilijaa watu na magodoro. Baraka nzima ilishika simu. Adolphine alikaa mbele ya kompyuta bila kumsalimia mtu, macho kwenye mstari. Ulipanda kupita kwaya zote mbili. Ukasimama.

Niliinua simu yangu kumtafuta ndugu yangu wa Fizi, na kabla sijavaa miwani, Florentine alipiga yowe kando yangu. Mama yake, Georgette, aliyekuwa Fizi, ameandikwa: Swima, muzima.

Alinirukia shingoni, akicheka na kulia, akanizungusha hadi miwani ikaanguka. Kisha akakumbuka adabu, akaniokotea, akapiga magoti.

"Papa, unisamehe. Nilikutangulia."