Mama na Pete ya Beringi

Oili ikiungua juu ya chuma cha moto ina harufu yake, na ukishainusa utotoni huwezi kuichanganya na nyingine. Inakwaruza koo, lakini ndani yake kuna utamu kidogo, kama mahindi yaliyosahauliwa motoni. Juzi nilikuwa napita Majengo, karibu na mafundi wa pikipiki, ikanipata nikiwa na kikapu mkononi. Nikasimama. Kijana mmoja akaona mvi zangu, akaniuliza, "Shosho, umepotea?" Nikamwambia sijapotea, aendelee na kazi yake.

Ninyi nitawaambia jambo ambalo hata watoto wangu sijawaambia.

Tuliishi Timau, kwenye shamba kubwa la ngano. Baba alikuwa nyapara, na kazi ya unyapara ilikuja na pikipiki, maana lile shamba hungelizunguka kwa miguu ukalimaliza kwa siku moja. Nyumba tuliyolala, ya mbao na bati, nayo ilikuwa ya kazi hiyo hiyo. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi wa miaka minane, na nyanya, mama yake baba, ambaye kila siku alikula chakula cha mama akakimaliza, kisha akasema chumvi ilikuwa kidogo.

Baba aliendesha ile pikipiki bila kuangalia oili. Hilo lilikuwa kosa lake na sitamfichia. Giaboksi ikalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, halafu ikakwama. Alipoifungua, beringi moja ilikuwa imesagika. Vigololi vilitoka, pete ya nje ikatoka, lakini pete ya ndani ilibaki imeshika kwenye shafti kana kwamba ilizaliwa hapo. Msimamizi wa shamba akaleta beringi mpya, akasema, "Jumatatu tunaanza kukata ngano. Kama pikipiki haitembei, natafuta nyapara mwingine. Na huyo atataka nyumba."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Baba alijaribu kuikata kwa tupa. Ikateleza tu, maana ile pete ni ngumu kuliko tupa. Akajaribu patasi, ikavunjika ncha. Ijumaa nzima aligonga kwa nyundo, na aligonga kwa woga, kwa sababu shafti ikichubuka pale beringi inapokaa, hakuna cha kutengeneza tena. Nyanya alikaa mlangoni akipukuchua maharagwe.

"Mutuma," akasema, "unagonga hicho chuma kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe wasiompenda."

"Mama, niache."

"Nimekuacha. Hata chuma chenyewe kimekuacha."

Mama yangu hakucheka. Nilimwona akiangalia ile shafti jinsi mtu anavyoangalia mtoto wake akipigwa na mwingine.

Hapa lazima niwaeleze. Mama alitoka Mbeere, kule chini kwenye joto. Baba alikuwa amemwambia nyanya kwamba ameoa kwa wakulima. Haikuwa hivyo. Mama alizaliwa katika nyumba ya wahunzi. Siku hizo mhunzi, ambaye sisi tunamwita muturi, aliogopwa. Watu walisema laana yake haina wa kuitoa ila yeye mwenyewe. Walinunua panga kwake, wakamshukuru, lakini hawakutaka binti yake awapikie. Na nyanya, pamoja na kitambaa chake cha kanisa, alikuwa mmoja wa watu hao. Hata huko kwao, mwanamke aliosha mchanga wa chuma mtoni na kubeba mkaa, lakini nyundo na koleo hakuvishika. Mama alijifunza kwa macho tu.

Jumamosi nyanya alienda sokoni. Alipopita ule mstari wa miti uliokuwa mpaka wetu, mama akafuta mikono.

"Baba Kanana, nipe hiyo shafti."

"Wewe unajua nini?"

"Najua. Na unajua kwamba najua."

Baba akamkabidhi. Kisha akanigeukia mimi. "Kanana, haya utakayoyaona, hujayaona."

Mama alimwambia alete nati kubwa ya trekta, aikate kwa msumeno iwe vipande viwili. Akawasha mkaa nyuma ya jiko, akapuliza kwa kipande cha bomba mpaka vile vipande vikawa vyekundu kama buni iliyoiva. Shafti akaifunga matambara yaliyolowa, huku na huku, akaacha pete peke yake wazi. Baba aliishika ikiwa imelala. Mimi nilipewa kopo, nidondoshe maji kwenye matambara, tone lisiguse pete.

"Moto uingie kwenye pete, usiingie kwenye shafti," mama alisema. "Pete ikinenepa na shafti ibaki nyembamba, zitaachana zenyewe. Ukichelewa, zinanenepa zote na umepoteza. Baba yangu alifanya hivi kila siku."

Hiyo sauti sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Kwa nyanya alizungumza akiangalia chini.

Akaibana pete katikati ya vile vipande viwili kwa koleo. Oili iliyobaki ikaanza kuungua. Midomo yake ilitembea, alikuwa anahesabu. Ghafla akatupa koleo, akainyakua shafti mikononi mwa baba, akaisimamisha, akaigonga juu ya gogo. Pigo moja. Pete ikateleza ikaanguka chini kwenye majivu. Shafti ilipopoa, mama alipitisha kidole pale pete ilipokuwa, akazungusha pole pole. Hapakuwa na mkwaruzo.

Jumatatu pikipiki ilitembea. Msimamizi alimwita baba fundi mbele ya wafanyakazi wote, na nyanya akawaambia majirani jinsi mwanawe alivyokitisha kile chuma. Alisema Jumatatu, akasema Jumanne. Jumatano nilimpelekea uji akaanza tena, na mimi nikashindwa kujizuia.

"Si baba," nikamwambia. "Ni mama. Alitumia moto, akagonga mara moja tu. Baba yake alikuwa anafanya hivyo kila siku."

Nyanya aliweka uji chini. "Baba yake?"

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alikisukuma kile kikombe mbali naye. "Kwa hivyo nimekula mkononi mwa muturi miaka yote hii," akasema.

Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake, akaenda kukaa na shangazi huko Kaaga, na huko alikaa mpaka kufa. Viazi tulivyompelekea aliwagawia majirani. Baba hakunigusa mimi. Alimlaumu mama kwamba amemfukuzia mama yake, na alimlaumu kwa miaka, akiwa ndani ya ile nyumba ambayo mama alimwokolea.

Siku nyanya alipoondoka nilimfuata mama jikoni nikingoja kiboko. Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Ulimwambia ilitoka kwa pigo moja?"

"Ndiyo."

"Na kwamba shafti haikukwaruzika?"

Hilo sikuwa nimelisema. Nikamwambia hapana.

"Ungemwambia," akasema, akachukua kiazi kingine.

Nilidhani huzuni imemvuruga akili. Niliamini hivyo mpaka nikawa mke wa mtu, na mimi nikafanya kazi ikapewa jina la mwingine. Mama alijua bei kabla hajawasha ule mkaa. Alijua mtoto wa miaka minane hawezi kufunga mdomo, na hata hivyo alinipa kopo nisimame karibu nione. Nyumba ilibaki ya baba, sifa ikabaki ya baba, lawama ikabaki ya mama. Mimi ndiye mtu wa pekee aliyewahi kumsifu kwa kitu alichokijua kuliko wote, na nilimsifu nusu.

Hakuniuliza tena, na mpaka namzika sikuwa nimemwambia ile nusu iliyobaki.